Kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima kwa sola: tangi kubwa, betri ndogo

Anayetaka mtambo wa kuondoa chumvi unaotumia jua huanza kwa kuuliza paneli ngapi. Paneli ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Pwani yetu ya Afrika Mashariki hupata kama kilowati-saa 5 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, miezi mingine zaidi, na fundi wa sola yupo karibu kila mji. Mitambo hii haifi kwa kukosa jua. Huuawa na maji yanayoingia ndani yake, na huuawa na kuwashwa na kuzimwa bila utaratibu. Kwa hiyo paneli zitakuja baadaye.

Mfano wa hapa ni mtambo mdogo wa shule, zahanati au kitongoji: mita za ujazo 5 kwa siku, sawa na ndoo 250 za lita 20. Chanzo chake ni kisima kirefu cha maji ya chumvi ya kadiri.

Kama kisima kipo, bahari iache

Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita. Kile kisima ambacho watu wanakitumia kuogea na kufulia tu, kwa sababu chai yake hainyweki, mara nyingi kina gramu 2 hadi 6. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua gharama yote. Maji kwa asili yake hutaka kuhamia upande wenye chumvi nyingi. Mashine ya RO (osmosisi ya kinyume) huyalazimisha yapite kinyume kwenye membreni, yaani utando mwembamba unaozuia chumvi, na pampu lazima kwanza ishinde ile nguvu ya osmosisi. Hesabu ya haraka ni bar (kipimo cha presha) 0.7 hadi 0.8 kwa kila gramu 1 ya chumvi kwenye lita. Bahari inadai bar 26 hivi kabla tone la kwanza halijapita, na mtambo wake hufanya kazi kwenye bar 55 hadi 65. Kisima cha gramu 4 kinadai bar 3, na mtambo wake hutulia kwenye bar 10 hadi 13.

Kwenye umeme, mtambo mdogo wa bahari hupitisha lita 3,300 ili upate lita 1,000, kwa hiyo unakula kilowati-saa 7 hivi kwa kila mita ya ujazo. Vipo vifaa vinavyochukua presha ya maji yanayotupwa na kuikabidhi kwa maji yanayoingia. Ukiviweka unashuka hadi 3 au 4, ila ni ghali, na kikiharibika kisiwani utasubiri sana fundi wake. Mtambo wa kisima tunaouzungumzia hapa unatumia 2.4, kuyapandisha maji kutoka chini kukiwemo. Isitoshe, maji ya bahari yanataka pampu na mabomba ya aloi maalumu. Chuma cha pua cha kawaida cha 316 kinavumilia kisima, lakini kwenye maji ya bahari ya presha kubwa huota vitobo.

Mitambo mikubwa ina hesabu nyingine. Kule Kiunga, kaskazini mwa Lamu karibu na mpaka wa Somalia, shirika la GivePower lilifunga mwaka 2018 mtambo wenye kilowati 50 za sola, uliokusudiwa kutoa hadi lita 75,000 kwa siku. Mtambo wa kadiri hiyo unaweza kubeba betri, mhandisi na stoo ya vipuri. Wa lita 5,000 hauwezi, na usijaribu kuuiga.

Kuna pia wanaopenda njia ya zamani: beseni jeusi, kioo juu, maji yanapanda mvuke na kutiririka pembeni. Inafanya kazi, na si mpya. Las Salinas, katika jangwa ambalo leo liko Chile, ilikuwa na mabeseni ya namna hiyo tangu 1872, eneo la mita za mraba 4,700 hivi, yakitoa zaidi ya mita za ujazo 22 kwa siku kwa ajili ya migodi. Tatizo ni fizikia. Kuvukiza lita 1 ya maji kunataka kilowati-saa 0.65 za joto, na beseni zuri hutumia kama asilimia 40 ya jua linaloliangukia. Matokeo ni lita 3 hadi 4 kwa mita ya mraba kwa siku. Kwa lita 5,000 utahitaji zaidi ya mita za mraba 1,300 za kioo. Yafaa kwa familia inayotaka maji ya kunywa tu, kwa kambi ya wavuvi, na kwa anayeuza maji ya betri. Ukilijenga, kina cha maji kisizidi sentimita 2, kioo kilale kwa nyuzi 10 hadi 15, na kila asubuhi limwage na kulisuuza kabla chumvi haijaganda.

Pima kabla ya kununua chochote

Kipima chumvi cha mkononi kinatosha kuanzia: kikisoma mikrosimensi 6,000, zidisha kwa 0.65 upate kama miligramu 3,900 kwa lita. Lakini chumvi peke yake haikuambii mtambo utakufa kwa nini. Peleka sampuli maabara, uombe pia chuma, manganizi, ugumu wa maji, alkali, salfeti, silika, floraidi, naitreti na bakteria. Chukua sampuli baada ya pampu kufanya kazi siku nzima, tena mwishoni mwa kiangazi. Kisima kilichopimwa masika baada ya kuchota ndoo mbili kinadanganya, na wauzaji wengine wanajua hivyo.

Visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe huwa na kalsiamu nyingi, na kalsiamu ndiyo inayojenga ukoko wa chokaa kwenye membreni za mwisho. Chuma kina hila zaidi. Maji yanatoka chini meupe kabisa, yakigusa hewa yanageuka rangi ya chai, na ile rangi ni chembe laini zinazoziba kila kitu. Kwa hiyo chagua moja: ama ufunge njia yote hewa isiingie hata kidogo, kuanzia kisimani hadi kwenye membreni, ama uyapigishe maji hewa makusudi, chuma chote kigande, kisha uyachuje kwa mchanga kabla ya RO. Anayechanganya njia hizi mbili, kwa mfano tangi wazi bila chujio la mchanga, atabadilisha vichujio kila wiki.

Halafu kisima chenyewe. Kwenye ardhi ya pwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, na kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini inasema kila sentimita 1 unayoshusha usawa wa maji kwa juu, mpaka wa chumvi chini unaweza kupanda hadi sentimita 40. Pampu kubwa inayonyonya saa mbili kwa fujo itakuletea bahari kisimani. Hapa sola inasaidia bila kukusudia: pampu ndogo inayochota lita 1,400 kwa saa, pole pole, kutwa nzima, ndiyo hasa kisima kinavyotaka. Kibali cha kuchota ni lazima vilevile: Kenya ni WRA (mamlaka ya rasilimali za maji), Tanzania bara ni Bodi ya Maji ya Bonde, Zanzibar anza kwa ZAWA (mamlaka ya maji).

Na kabla ya yote hayo, tazama paa. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 100 za mvua linajaza karibu lita 8,000, ukishatoa zinazopotea. Masika jua ni haba na mvua ni nyingi. Kaskazi ni kinyume. Mtambo na michirizi ya paa wanapokezana vizuri, na anayefunga RO bila kufunga michirizi anaendesha pampu bure miezi miwili mitatu ya mwaka.

Mtambo wenyewe

Fanya kazi saa 7 kwa siku, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Lita 700 za maji safi kwa saa zinakupa lita 4,900. Kwa chumvi ya gramu 4, tupa nusu na ubakize nusu: zinaingia lita 1,400 kwa saa, zinatoka 700 safi na 700 nzito, yaani zenye chumvi iliyokolea.

Membreni ni za kipimo cha 4040 (inchi 4 kwa inchi 40) kwa maji ya kisima, za presha ndogo au ya kawaida. Kila moja ina eneo la mita za mraba 7.2 hivi. Nne zingetosha kwa kuzibana, lakini weka 6. Kwa 6 unapata lita 16 kwa saa kwa kila mita ya mraba, mwendo wa pole usiobandika uchafu haraka. Wauzaji hupenda kupunguza idadi ili bei ionekane ndogo, na gharama unailipa wewe kwa kusafisha mara kwa mara. Zifunge zote sita kwa mfululizo, maji mazito ya ya kwanza yaingie ya pili, hadi ya sita. Hivyo ya mwisho inabaki na mtiririko wa lita 700 kwa saa, na hicho ndicho kiwango cha chini cha kuisuuza 4040. Ukizigawa katika njia mbili zinazokwenda sambamba, kila njia inapata nusu ya mtiririko huo, na ukoko unaanza ndani ya majuma machache.

Mbele ya pampu ya presha weka chujio la mchanga, kisha la mikroni 20, kisha la mikroni 5. Geji mbili, kabla na baada ya vichujio, ni lazima. Tofauti ikifika bar 0.7 badilisha. Usioshe kichujio cha mikroni 5 na kukirudisha. Kinaonekana kisafi kwa nje, lakini nyuzi zake zimeshalegea na kinapitisha.

Kujua kama maji yako yamechujwa vya kutosha, kuna kipimo kinachoitwa SDI, na hakihitaji maabara. Unapitisha maji kwenye karatasi ya mikroni 0.45 kwa presha ya bar 2.07, unahesabu sekunde za kujaza mililita 500, unaacha yaendelee kupita, baada ya dakika 15 unahesabu tena. Tuseme mara ya kwanza ni sekunde 30, mara ya pili 60. Gawanya 30 kwa 60, toa jibu kwenye 1, zidisha kwa 100, gawanya kwa 15: unapata 3.3. Chini ya 3 ni vizuri sana, hadi 5 inavumilika, juu ya hapo usiwashe mtambo.

Dawa ya kuzuia ukoko hudungwa kidogo kidogo, miligramu 3 kwa lita kwa mfano wetu. Kwa lita 9,800 zinazoingia kwa siku hiyo ni gramu 29, hata kilo 1 kwa mwezi haifiki. Kiasi ni kidogo mno hivi kwamba watu huiruka ikiisha, na hilo ni kosa. Ila usizidishe pia. Baadhi ya dawa hizi zikizidi hugeuka chakula cha bakteria.

Klorini isikaribie membreni. Utando wa poliamidi huliwa na klorini taratibu na haurudi. Ukitia dawa kisimani kuua vijidudu, subiri hadi kipimo kisome chini ya miligramu 0.1 kwa lita, au udunge sodiamu metabaisulfaiti kabla ya membreni.

Kuzima ndiko kunakoua

Mtambo wa umeme wa gridi huwashwa na kuendelea siku nyingi. Wa sola unazimika kila jioni bila kukosa, na siku ya mawingu unaweza kuzimika mara kumi. Kila unapozimika, ndani ya membreni yanabaki maji mazito yenye gramu 8 kwa lita na kalsiamu iliyokolea. Presha haipo, na mtiririko wa kuyasukuma nje haupo. Yakilala humo usiku kucha, ukoko unaota kimya kimya. Asubuhi pampu inawaka na kuujenga zaidi.

Dawa yake ni tangi la kusuuzia: lita 200 za maji safi, limeinuliwa mita 3, lijazwe lenyewe kwanza kila mtambo unapoanza. Liunganishe baada ya pampu ya presha kwa valvu isiyorudisha maji nyuma. Mbele yake weka valvu ya umeme ya aina inayofunguka yenyewe umeme ukikatika, na hakikisha ni ile inayofunguka bila kuhitaji presha. Valvu nyingi za bei rahisi hutaka angalau bar 0.3 ndizo zifunguke, na mita 3 za mwinuko ndiyo bar 0.3 kamili, haitoshi. Valvu ya pili ya namna hiyohiyo iwe kwenye njia ya maji mazito, ikipita pembeni ya valvu inayobana presha ya mtambo, la sivyo maji ya kusuuzia yatakwama hapo. Mitungi sita inayoshika membreni, pamoja inabeba maji kama lita 30. Lita 100 zikipita ndani ya robo saa hadi dakika 20 zimeshaisuuza mara tatu. Kazi yote hiyo inafanyika jua likizama, bila betri na bila mtu.

Wingu linalopita halihitaji kuzima. Inveta ya pampu, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuendesha mota, hupunguza kasi kufuata jua. Lakini kumbuka presha ya pampu ya ngazi nyingi tunayotumia hapa hushuka kwa mraba wa kasi: kasi kamili ni hertz 50, kwenye hertz 40 unabaki na asilimia 64, kwenye 35 unabaki na nusu tu. Nusu ya bar 12 ni bar 6, na mwisho wa mfululizo wako osmosisi inadai karibu hizohizo. Hapo pampu inazunguka, umeme unaliwa, na maji yanayotoka ni machache na ya chumvi. Weka kikomo cha chini kiwe hertz 40. Ukishuka chini yake mtambo uzime, usuuzwe, na usiwake tena kabla ya dakika 15 kupita, hata jua likitokeza. Kuwaka kwenyewe kuwe polepole, presha isipande zaidi ya bar 0.7 kwa sekunde. Mshtuko wa maji hupasua gundi ya membreni.

Maji ya dakika 5 hadi 10 za kwanza asubuhi huwa na chumvi. Kipima chumvi chenye valvu ya kugeuza njia kiyarudishe kwenye tangi la maji ghafi hadi usomaji utulie.

Betri basi? Ndogo, ya volti 24, kwa ajili ya kidhibiti, kipimo na pampu ya dawa tu. Nishati ihifadhiwe kama maji. Tangi la lita 10,000 kivulini ni akiba ya siku mbili, sawa na kilowati-saa 24 ambazo tayari zimeshafanya kazi yake, na halichoki kwa joto kama betri.

Sasa paneli

Pampu ya presha: lita 1,400 kwa saa kwenye bar 12 ni wati 467 za kazi halisi ya maji. Pampu ndogo ya ngazi nyingi pamoja na mota hufanya kama asilimia 36 hadi 40, kwa hiyo itavuta kilowati 1.3 hivi. Pampu ya pistoni ingevuta karibu nusu ya hapo, lakini inataka matunzo ya sili na inatetemesha mabomba. Pampu ya kisima kwa mita 40 ni kama wati 400, nayo ni vyema iwe na paneli zake. Jumla ni kilowati 1.7 kwa saa 7, karibu kilowati-saa 12. Gawanya kwa saa 5 za jua kamili, kisha kwa 0.75 ya upotevu: kilowati 3.2 za paneli. Nane za wati 450 kwa pampu ya presha peke yake zinatosha na ziada, na ziada hiyo ndiyo inayokuwasha saa tatu asubuhi badala ya saa tano.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa sababu wanahesabu wati na kusahau volti. Mota ya fezi tatu ya volti 220 inataka volti 311 za mkondo mnyoofu (DC) ndipo izunguke hertz 50. Paneli ya wati 450 ina kama volti 41 ikifanya kazi, kwenye karatasi. Juu ya bati la pwani seli hufika nyuzi 65, na volti inashuka kwa asilimia 14: unabaki na 35.2 hivi. Paneli nane kwa mfululizo ni 282. Jua kali kabisa, saa saba mchana, mota inafika hertz 45 tu, presha inashuka kwa karibu asilimia 20, na mwenye mtambo anaambiwa membreni zimeziba. Ukiweka tisa unapata 317, sawa, lakini asubuhi bila mzigo paneli tisa zinatoa hadi volti 450, na inveta nyingi za kundi hili zina kikomo hichohicho. Njia mbili salama: inveta yenye kikomo cha juu zaidi kwa paneli tisa, au ubaki na nane na ununue pampu inayotoa bar 15 kwenye hertz 50, ili kwenye 45 bado ikupe 12. Mimi ningechagua ya pili. Inveta iwe ya kilowati 2.2 kwa mota ya kilowati 1.5, maana kasha lake litapata joto.

Paneli zilale kwa nyuzi 10 kuelekea kaskazini. Latitudo yetu ingeruhusu kulaza zaidi, lakini chini ya 10 mvua haioshi vumbi na mvuke wa chumvi unaganda ukingoni. Fremu ziwe za alumini na bolti za 316. Mabati yaliyopakwa zinki hula kutu mapema mita chache kutoka ufukweni.

Maji yaliyotoka

Membreni nzima itakupa maji ya miligramu 60 hadi 100 kwa lita. Ni mepesi mno, yana asidi kidogo, na hula mabomba ya chuma na saruji. Yapitishe kwenye mtungi wa kokoto za chokaa au marumaru nyeupe. Kama kipimo cha maabara kilionyesha floraidi na naitreti ziko sawa, changanya pia asilimia 10 ya maji ghafi yaliyochujwa: lita 4,500 za miligramu 80 na lita 500 za 3,900 zinakupa karibu miligramu 460, ladha ambayo watu wanaipenda, na umeokoa sehemu ya kumi ya kazi. Baada ya kuchanganya tia klorini. Kwa tangi la lita 5,000, gramu 7.5 za kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 65 hadi 70 zinatoa miligramu 1 kwa lita. Ziyeyushe kwanza kwenye ndoo. Bombani kibaki 0.2 hadi 0.5.

Yale mazito ni lita 4,900 kwa siku zenye karibu kilo 40 za chumvi. Kuyamwaga shimoni kando ya kisima ni kuyarudisha kisimani. Shambani pia hapana, hata kwa minazi, kwa sababu chumvi hubaki baada ya maji kukauka. Yafaa kuflashi vyoo, kusuuza sakafu, au bwawa la perege wanaovumilia chumvi. Yanayobaki yapelekwe kwa bomba hadi kwenye maji ya bahari yanayosonga, si kwenye mikoko iliyotulia. NEMA au NEMC, wasimamizi wa mazingira wa Kenya na Tanzania, watauliza hili kwanza, kwa hiyo liwe kwenye mchoro tangu mwanzo.

Kusoma dalili

Daftari moja, kila siku saa sita mchana: presha ya kuingia, presha ya maji mazito, mtiririko wa pande zote mbili, chumvi ya pande zote mbili, joto la maji. Saa iwe ileile, maana mtiririko hupanda kama asilimia 3 kwa kila nyuzi 1 ya joto na jua lenyewe hubadilisha kila kitu.

Tofauti ya presha ikipanda huku chumvi ya maji safi haijabadilika, uchafu au vijidudu vimeingia membreni ya kwanza. Chumvi ikipanda pamoja na maji kupungua, na membreni ya sita ukiitoa ni nzito kuliko nyingine, huo ni ukoko: angalia dawa na usuuzaji wa jioni. Chumvi ikiruka ghafla siku moja, usinunue membreni. Pima maji safi ya kila mtungi peke yake, utakuta mmoja una mpira wa o-ringi uliopinda. Ule ni mpira wa bei ndogo sana. Chumvi ikipanda taratibu mitungi yote pamoja, na maji yanaongezeka badala ya kupungua, klorini imefika.

Safisha mtiririko ukishuka asilimia 10 hadi 15, usingoje 40. Anza na soda kali ya asilimia 0.1, pH isizidi 12 na joto lisizidi nyuzi 30, izungushe nusu saa, iache ilale, izungushe tena, suuza. Kisha asidi ya sitriki ya asilimia 2. Kama una hakika ni chuma au chokaa peke yake, asidi inatosha. Usianze na asidi kwenye ute wa vijidudu, unauganda.

Shule ikifunga, mtambo usiachwe tu. Kwa siku chache, suuza kwa maji safi kila siku. Zaidi ya wiki, jaza myeyusho wa sodiamu metabaisulfaiti ya daraja la chakula, asilimia 1: gramu 600 kwa lita 60 zinatosha mitungi sita na mabomba yake. Pima pH kila mwezi. Ikishuka chini ya 3 mwaga ujaze upya. Kabla ya kurudisha maji kwenye tangi la kunywa, mwaga ya saa nzima ya kwanza.

Stoo iwe na vichujio vya miezi 3, o-ringi za seti mbili, sili ya pampu, valvu moja ya umeme, dawa ya ukoko ya nusu mwaka na membreni moja ya akiba ikiwa bado kwenye mfuko wake, kivulini. Membreni mbili za mwisho wa mfululizo ndizo zitakazochoka kwanza, pengine mwaka wa 3. Ukinunua mpya, sogeza ulizonazo na uweke mpya mwishoni kwenye chumvi nyingi.